Simiyu ikijaa: namna ya kupanga msaada mpaka umfikie mtu wa ng'ambo

Mvua inaweza kunyesha Meatu na Bariadi huku Magu jua linawaka na kina mama wameanika mpunga, na bado Mto Simiyu ukafurika. Maji ya Simiyu yanatoka mbali, upande wa nyanda za Serengeti, yanapokea Mto Duma njiani, kisha yanatambaa kwenye nchi tambarare ya udongo wa mbuga, ule mweusi wa kunata, hadi Ghuba ya Speke. Huku chini linayangoja ziwa. Ziwa likiwa juu, mto unakosa pa kumwaga, maji yanatandaa pembeni, yanaingia kwenye majaruba ya mpunga na baadaye kwenye nyumba. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kimo chake cha 1964, na 2024 likapita tena. Watu wa mdomoni mwa mto walifuatwa na maji kutoka pande mbili.

Naandika kwa ajili ya vijana wa vikundi vya kanisani, msikitini, vyuoni na vikoba ambao kila masika hunipigia simu: "Shikamoo Mzee Karani. Tumeshachanga, sasa tunapelekaje?" Ukarani niliupata bandarini, Mwanza Kusini, nilikokaa na daftari la mizigo hadi nikastaafu. Jibu langu huwa lile lile na huwa haliwafurahishi. Nawaambia mmeanzia upande usiofaa. Mmechanga kwanza, mkanunua, mkapakia Fuso, na sasa ndipo mnauliza njia. Cha kwanza kujua ni nani atasimama mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, ng'ambo kupokea kamba ya mtumbwi. Ukishampata huyo, panga kurudi nyuma: anaweza kupokea kilo ngapi kwa siku moja, ataziweka wapi zisiloe, mtumbwi upi unaweza kumfikia, unaondokea mwalo gani, gari gani linafika mwalo huo kwenye tope, na mwisho kabisa ndipo tununue nini.

Kazi ya Februari

Masika ya kwetu ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo Februari, nchi ikiwa bado kavu, nenda mwenyewe kwenye vijiji unavyodhani vitakatika. Nenda na pikipiki kama huna gari, na usiende na chochote cha kugawa, kwa sababu ukibeba zawadi utaambiwa unachotaka kusikia.

Pitia kwanza ofisi ya mtendaji wa kata, ujitambulishe, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji na kwa mwenyekiti wake. Huko usiulize kama kuna mafuriko. Uliza maji ya mwaka ule yalifika wapi, na umwombe mtu akupeleke hadi pale. Atakuonyesha alama ukutani, mti, jiwe, au ngazi ya shule. Piga picha na uandike. Uliza watu walikimbilia wapi. Kwetu mara nyingi ni kilima chenye miamba, shule ya msingi au kanisa lililojengwa juu. Uliza njia ipi hufa kwanza. Udongo wa mbuga ukilowa siku mbili, lori haliingii, na lililomo halitoki.

Chagua mialo miwili kwa kila kijiji, wa kawaida na wa akiba. Huu wa akiba ndio utakaoutumia, kwani maji yakipanda mwalo wa kawaida unakuwa chini ya ziwa, au unazibwa na magugu maji yaliyosukumwa na upepo. Muulize mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, mahali ambapo mtumbwi mzito unaweza kutia ubavu bila kugonga mwamba. Anajua kuliko ramani yoyote.

Andika namba za simu za watu watano kwa kila kijiji, wawili kati yao wawe wanawake, na mmoja awe mtu mwenye sola ya kuchajia simu. Mafuriko yakija, umeme na mnara wa simu vinaweza kuzimika pamoja, na mwenye sola ndiye atakayebaki hewani mtandao ukirudi. Kubalianeni pia saa ya kupigiana: tuseme saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, simu izimwe katikati ili chaji idumu.

Hesabu majiko

Hapa ndipo msaada mwingi unapoharibikia. Wageni wa mjini huandika kaya, wanagawa mfuko mmoja kwa kila kaya, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini kwenye vijiji vya Wasukuma mji mmoja unaweza kuwa na mzee, wake zake wawili au watatu, vijana waliooa wasiohama na wajukuu. Humo mna watu ishirini na ushee. Ukiwapa mfuko mmoja sawa na mwalimu kijana anayeishi na mdogo wake, umegawa kwa usawa na umedhulumu kwa usawa.

Mimi huhesabu majiko. Mwanamke anayepika chungu chake mwenyewe ni mstari mmoja kwenye orodha, pamoja na watu wanaokula chungu hicho. Andika jina la mpishi, idadi ya walaji, watoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito au anayenyonyesha, mtu asiyeweza kutembea, na mtu mwenye dawa za kila siku. Ya mwisho ulizeni faraghani, kupitia mhudumu wa afya ya jamii. Hiyo si habari ya kusomwa mbele ya mkutano.

Kisha kuna watu wasio kwenye daftari la kijiji kabisa. Kwenye makambi ya dagaa wapo vijana kutoka Ukara, Musoma hata Kigoma, na kina mama wanaoanika dagaa kwa mkataba wa msimu. Mtendaji atakuambia, "Hao siyo wa kwetu." Msibishane naye hadharani. Mwombe orodha yao iwe karatasi ya pili, isainiwe na mwenyekiti wa BMU. Nimeona mara nyingi karatasi hiyo ya pili ikizuia ugomvi kuliko polisi, kwa kuwa mvuvi mwenye njaa akiona mtumbwi wa chakula unampita, atausogelea.

Orodha ikikamilika isomwe kwenye mkutano wa hadhara, kitongoji kwa kitongoji. Watu wenyewe watasema nani amehama, nani amefariki, nani ameandikwa mara mbili kwa majina mawili. Nakala ziwe tatu: moja kwa mtendaji, moja kwenu, na moja ifungwe kwenye mfuko wa nailoni kwa mtu wa tatu anayeaminika, mara nyingi mwalimu mkuu au katekista. Ofisi ya kijiji nayo hufurika.

Onyo na simu ya kwanza

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, wa siku kumi, na wa siku tano wenye viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Usiishie kusoma Mwanza. Soma na Simiyu, na kama unahudumia upande wa Mara, soma juu ya Mto Mara vilevile. Angalizo la mvua kubwa kule juu ni tangazo la maji kwenu huku chini. Likitoka, piga simu kabla ya kitu chochote kutokea. Waambie wapandishe mbegu, vyeti, kadi za kliniki na dawa juu ya dari, na wahamishe wagonjwa mchana. Huo ni msaada usiohitaji mtumbwi.

Kwenye vijiji vyenye sungusungu imara, kubalianeni mapema kwamba filimbi na mwano wa usiku, yaani yowe la hatari, vitatumika pia kwa maji. Watu wanaamka kwa mwano. Kwa ujumbe wa simu hawaamki.

Maji yakishaingia, simu ya kwanza kwa mwenyekiti isiwe ya pole tu. Msalimie kwa heshima, mpe pole, kisha uliza kwa mpangilio huu na uandike jibu la kila moja: Kuna mtu hajaonekana? Kuna aliyekwama juu ya mti au paa? Wamelala wapi usiku wa jana, na ni wangapi? Wanakunywa maji gani? Kuna anayeharisha? Mashine ya kusaga inafanya kazi? Duka gani bado lina vitu? Mtumbwi unaweza kutia nanga wapi leo? Halafu nyamaza umsikilize, kwani yeye naye huenda nyumba yake imo majini.

Kama kuna watu wa kuokolewa, hiyo si kazi yenu. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa polisi, na uwape jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja. Vijana wenye moyo mzuri na maboya ya kukodi wameshakuwa wa kuokolewa wao wenyewe.

Nani anaongoza

Kwa ufupi: si ninyi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji, kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na kikundi chochote kinachofika na mzigo kinapaswa kujulikana kwa kamati ya mahali. Nendeni wilayani mkiwa na karatasi moja yenye mambo manne: mna nini, kiasi gani, mnataka kwenda kijiji gani, mtafika lini. Waulize nani mwingine ameelekea huko. Kijiji kilicho karibu na lami hupata maturubai mara tatu, na kile cha nyuma ya mto hakipati hata moja, kwa sababu kila kikundi kilichagua mahali pa kufika na kurudi siku hiyo hiyo.

Kikundi chenu kiwe na msemaji mmoja tu kwa kamati. Mkiwa watano mnaopiga simu kwa mtendaji mmoja, atazima simu, na sitamlaumu.

Mzigo

Tuchukue mfano wa majiko 60 yenye wastani wa watu watano, yaani watu 300, kwa siku saba. Kipimo cha kawaida cha msaada wa chakula ni kiasi cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa vyakula vyetu sehemu kubwa ya hiyo hutoka kwenye gramu 400 za unga, 60 za maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Piga hesabu: unga kilo 840, maharage kilo 126, mafuta kilo 52 na nusu, chumvi kilo 10 na nusu. Jumla ni kilo 1,029 kabla hujaweka turubai moja. Turubai la mita nne kwa sita lina kilo nne hadi tano. Sasa unaelewa kwa nini nilisema anza na mtumbwi.

Peleka unga, usipeleke mahindi, isipokuwa umeambiwa mashine ya kusaga ni nzima na ina mafuta. Uliza pia wanakula unga gani. Visiwani Ukerewe watu wengi ni wa ugali wa muhogo, na sembe nyeupe kwao ni chakula cha kuazima. Maharage yanataka kuni nyingi, na kuni zimelowa. Kwa siku tatu za mwanzo mimi hupenda michembe na matobolwa. Viazi hivi vilivyokaushwa vinapatikana kwenye masoko yetu, havioti ukungu haraka vikiwa vimefungwa vizuri, na matobolwa, kwa kuwa yalichemshwa kabla ya kukaushwa, mtoto anaweza kuyatafuna bila moto kuwashwa. Kuna watu wanaona aibu kupeleka matobolwa kama msaada, eti ni chakula cha njaa. Anayekuwa juu ya mwamba na watoto watano hana aibu hiyo.

Baada ya chakula: madumu safi yenye vifuniko, ndoo, sabuni, vyandarua, sufuria, mikeka, blanketi, taulo za kike, kanga, viberiti vilivyofungwa kwenye nailoni. Sabuni msiibane. Kipimo ni gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi, ambayo kwa watu 300 ni kilo 135. Mitumba ya marobota mniachie nyuma. Inakula nafasi, inalowa, inahitaji siku nzima kuchambuliwa, na ndani yake utakuta suti na viatu vya mguu mmoja. Nimewahi kuletewa bango la kikundi, la mita tatu, na vyuma vyake, lipandishwe mtumbwini kabla ya mafuta ya kula. Lilibaki pwani.

Kama kuna gulio au senta jirani ambayo haikufurika, fikirieni kutuma fedha kwa simu badala ya mifuko. Mama ataamua mwenyewe kati ya unga na nauli ya mtumbwi wa kumpeleka mtoto hospitali. Ila piga kwanza kwa mawakala wa pale uulize wana pesa taslimu kiasi gani. Watu mia wakikimbilia wakala mmoja mwenye laki mbili, mmezua foleni bila chakula.

Mtumbwi

Kwa vijiji vya Sengerema njia imerahisika tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Lori halilali tena kwenye foleni ya kivuko. Lakini daraja halifiki Kome wala Maisome, na halifiki ng'ambo ya mto uliofurika. Mwisho wa safari bado ni mbao, mashine na nahodha.

Mkoa huu hauhitaji somo kutoka nje kuhusu chombo kilichojazwa kupita kiasi. Tuna Mei 1996 na MV Bukoba, tuna Septemba 2018 na MV Nyerere pale Ukara. Kwa hiyo usimuulize nahodha, "Utaweza?" Nahodha wa Ziwa Victoria hajawahi kusema hawezi. Ona kwa macho yako cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini, soma uwezo ulioandikwa, na pakia chini ya hapo, maana mafuriko yana mawimbi na magogo yasiyokuwepo siku ya ukaguzi. Mzigo na abiria wasichanganywe. Watu wenu wawe nahodha, msaidizi wake, mtu wa kukumba maji na karani mmoja mwenye orodha. Kila mmoja avae boya tangu pwani. Lililokunjwa chini ya magunia halimwokoi mtu.

Nahodha awe wa upande ule mnaokwenda, au mbebe kijana wa huko akae mbele. Maji yakipanda, miamba ambayo kila siku ilionekana inafunikwa kiasi cha kiganja, na nguzo za uzio, visiki na nyavu zilizosahaulika zinakuwa chini ya mkondo. Anayejua ni yule aliyelima hapo kabla hapajawa ziwa.

Kupakia kuna kanuni zake. Tandika chaga au mbao chini ili magunia yasikae kwenye maji ya ndani ya mtumbwi. Vizito viwe chini na katikati, vyepesi juu, na pande zote mbili zilingane. Funika kwa turubai na kamba, lakini acha nafasi ya mtu kukumba maji. Madumu ya petroli yawe nyuma karibu na mashine, mbali na unga. Gunia lililoshika harufu ya petroli halilishwi mtu, hata ukilianika wiki. Sabuni nayo isikae na unga. Petroli yenyewe igawe mafungu matatu sawa, moja la kwenda, moja la kurudi, na moja lisiloguswa.

Mzigo ukizidi safari moja, vijana wengi hupeleka unga wote kwanza, kesho maharage na mafuta. Msifanye hivyo. Kesho kunaweza kuwa na upepo. Safari ya kwanza ibebe chakula cha siku tatu cha majiko yote, kikiwa kamili na chumvi yake. Kwa mfano wetu hiyo ni kilo 441, mzigo ambao mtumbwi wa kawaida unaotunzwa utaubeba ukiwa bado umeinua kifua. Safari ya pili ilete siku nne zilizobaki. Hapo hata ziwa likikufungia, hakuna jiko lililokosa kabisa.

Ondokeni asubuhi baada ya kusoma utabiri wa ziwa na kumsikiliza nahodha. Akisema leo hapana, ni hapana, na mfadhili anayesubiri picha atasubiri. Usiku msisafiri. Mkifika kwenye maji ya kina kifupi, karani asiruke kuvuta mtumbwi. Viboko na mamba huhama na maji, nao hawasomi ramani ya zamani.

Kila safari iwe na hati ya mzigo nakala tatu, ikionyesha kilichopakiwa, kilichopokelewa, na tofauti yake. Anayepokea asaini baada ya kuhesabu, siyo kabla. Kama gunia limelowa njiani, liandikwe limelowa. Hati safi mno mimi huishuku.

Kugawa

Mgawo ufanywe na kamati ya kijiji mbele ya watu, ninyi mkishika daftari. Andika kwenye boksi kubwa, kwa kalamu ya wino mzito, kila jiko linapata nini kulingana na idadi ya walaji, na usome kwa sauti kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu waitwe kwanza. Asiyeweza kufika atume mtu aliyetajwa jina mapema, na jioni mmoja wenu akamtembelee kuona kama mfuko ulifika.

Tumia kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukianza na sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, maliza na sado ile ile. Ukibadili katikati kwa sababu sado imepotea, simamisha, tafuta nyingine, pima upya mbele yao. Anayepokea aweke sahihi au dole gumba. Weka meza ndogo pembeni kwa mwenye malalamiko, na mwanamke akae hapo, kwani yapo mambo ambayo mama hatamwambia mwanaume mwenye daftari. Kuna mzee mmoja wa kijiji aliwahi kuniuliza mbele ya umati, "Karani, wewe ukiondoka, haya tutamwambia nani?" Tangu hapo huacha namba ya simu imebandikwa ukutani.

Picha: omba ruhusa, na msimpige mtu akiwa amenyoosha mkono.

Maji ya kunywa

Watu 300 wanahitaji lita 15 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Hizo ni lita 4,500, yaani madumu 225 ya lita 20 kila siku. Hakuna mtumbwi utakaoziweza, kwa hiyo acheni katoni za maji ya chupa, isipokuwa chache za wagonjwa na siku ya kwanza. Peleka uwezo wa kusafisha maji yaliyopo. Maji ya mafuriko yamepita vyooni. Yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha tia kidonge cha klorini na usubiri nusu saa. Soma pakiti, kwa sababu vidonge vinatofautiana. Kipo cha dumu la lita 20 na kipo cha kiasi kidogo zaidi. Mfundishe mtu mmoja kila kitongoji, mbele ya wenzake, mpaka afanye mwenyewe.

Bebeni chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vya usawa. Mtu akiharisha maji kama ya mchele, msikae naye mkimtibu. Mpelekeni kituoni haraka, mkimnywesha njiani, na mmpigie mganga mfawidhi wa zahanati, au 199. Kwa watu waliolala pamoja shuleni, chimbeni choo siku ya kwanza, upande wa chini ya chanzo cha maji na mbali nacho. Choo kimoja kwa watu 50 kwa kuanzia, baadaye kimoja kwa 20.

Waulizeni pia waliopoteza dawa za kila siku: za shinikizo la damu, kifafa, kisukari, kifua kikuu, na za kufubaza virusi. Mganga anaweza kuwafungia dawa hizo kwenye bahasha zenye namba bila majina, zikaja na mtumbwi wa kesho. Hazizidi kilo moja, na kwangu ndizo mzigo wa thamani kuliko yote.

Ng'ombe na marando

Msukuma hatoki kwenye mafuriko akaacha ng'ombe. Unaweza kumhubiria mpaka jioni. Pangeni tangu Februari mahali pa juu pa kuwafungia, upande ambao mkojo wao hautateremkia kwenye maji ya kunywa, na muwahesabu wachungaji waliobaki nao. Hao ndio hukosekana kwenye orodha ya shuleni na kuandikwa wamepotea, kumbe wako kilima cha pili na njaa yao.

Maji yakianza kushuka, wafadhili nao huanza kushuka. Hapo ndipo fungu la mwisho la fedha linapohitajika, nami huwaomba vijana walitenge tangu siku ya kuchanga ili lisiliwe na unga. Ardhi iliyoachwa na maji ina unyevu. Marando ya viazi, yaani vipande vya shina vya kupanda, mbegu za choroko na mtama wa muda mfupi zikiwahi, wiki chache baadaye kuna majani ya kula, na baada ya miezi michache kuna chakula shambani. Marando ya kijiji chenyewe yameoza, kwa hiyo tafuteni kwa wakulima wa vilimani mapema, mlipe kabisa, mkubaliane siku ya kukata. Yakatwe asubuhi, yafungwe mafungu, yafunikwe gunia lenye unyevu, yakae kivulini siku moja au mbili kabla ya kupandwa. Mtumbwini yawekwe juu ya kila kitu, mbali na mashine. Na kwenye hati ya mzigo andikeni mafungu, msiandike kilo. Yanapungua uzito njiani, na karani wa upande wa pili atadhani mmeiba.